Mchele mbovu mpakani: kwa nini Roma ilimhesabu Floribert wa Goma kuwa mfiadini

Usiku wa kuamkia tarehe 8 Julai 2007, mjini Goma, mashariki mwa Kongo, kijana wa miaka 26 aliuawa na watu waliokuwa wamemteka. Hakuwa padri wala bruda. Alikuwa mtumishi wa serikali aliyekagua bidhaa zinazoingia nchini. Hawakumteka ili aikane imani yake. Ugomvi ulikuwa juu ya shehena ya chakula kilichoharibika ambayo yeye aliikatalia kupita. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenyeheri, tena kwa jina zito kuliko yote: mfiadini, yaani mtu aliyeuawa kwa chuki dhidi ya imani.

Chuki dhidi ya imani iko wapi katika gunia la mchele?

Swali hilo si la kejeli. Wanateolojia walilichukulia kwa uzito, na ndilo lililonifanya nikichague kisa hiki badala ya visa vingine vinavyojulikana zaidi kwetu. Kwenye jumuiya ndogondogo, mtu akiuliza utakatifu unapatikanaje, kwa kawaida hujibiwa kwa vyeo: kwanza Mtumishi wa Mungu, kisha Mheshimiwa, kisha Mwenyeheri, mwisho Mtakatifu. Jibu ni sahihi, ila ni sawa na kumweleza mtu mahakama kwa kumtajia majina ya vyumba vyake. Kinachobishaniwa ndani ya vyumba hivyo hakijaguswa.

Kijana mwenyewe

Floribert Bwana Chui bin Kositi alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alipokuwa na miaka 13, wakimbizi kutoka Rwanda waliufurika mji kwa mamia ya maelfu. Vita vya 1996 vikafuata, kisha vya 1998. Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ikamwaga lava hadi katikati ya mji. Katika mazingira hayo alisoma sheria chuoni hapo hapo Goma, na akiwa mwanafunzi, mwaka 2001, akaijua Jumuiya ya Sant'Egidio, chama cha walei kilichoanzia Roma mwaka 1968 ambacho huunganisha sala, urafiki na maskini, na kazi ya amani.

Huko Goma wanajumuiya walikuwa wakishughulika na watoto wa mitaani, wale ambao wenyeji huwaita maibobo. Floribert alikuwa mmoja wa waliowafuata walikolala, wakawafundisha kusoma na kuwatafutia njia ya kurudi shuleni. Jambo hili litakuwa na uzito baadaye mbele ya wachunguzi, kwa sababu linaonyesha kwamba aliposema anawafikiria watu watakaokula kile chakula, alikuwa na sura za watu kichwani. Chakula cha bei ya chini kinajulikana huishia kwenye sahani za nani.

Alipomaliza masomo akaajiriwa na OCC, shirika la serikali ya Kongo linalokagua ubora wa bidhaa. Mtanzania aifikirie TBS, Mkenya aifikirie KEBS. Alikaa kwa muda Kinshasa, kisha mwaka 2007 akarudishwa nyumbani kwenye dawati linalohusika na bidhaa zilizoharibika. Goma na Gisenyi ya Rwanda ni miji iliyogusana. Mpaka unapita katikati ya nyumba, na kila siku maelfu ya watu huvuka na mizigo kichwani, mgongoni na kwenye malori. Aliyekaa kwenye dawati lile alikuwa na mhuri, mshahara wa serikali, na foleni ya wafanyabiashara wasiopenda kusubiri. Kila aliyewahi kupitisha mzigo mpakani, uwe Namanga, Kasumbalesa au Tunduma, anajua bahasha hutokea saa ngapi.

Kwa Floribert ilitokea mapema. Kulikuwa na shehena ya chakula, mchele kwa masimulizi ya wengi, kilichokuwa kimeharibika kiasi cha kuwa hatari kwa afya. Akaizuia. Wakamletea dola, akakataa. Wakapandisha dau; akakataa tena. Shinikizo likaanza kuja kwa simu, na si kutoka kwa wafanyabiashara peke yao.

Kuna simu moja ambayo kwangu ndiyo kiini cha shauri zima. Floribert alimpigia sista mmoja ambaye ni daktari, mtu aliyemwamini, akamweleza kwamba anapewa fedha aachilie ule mzigo. Kwa ushuhuda wa sista huyo, hoja ya kijana ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, fedha zitaisha upesi, lakini watu watakaokula kile chakula watakuwa na hali gani? Pili, akajiuliza kwa sauti: mimi ninaishi katika Kristo au siishi katika Kristo? Akahitimisha kwamba ni afadhali afe kuliko kuzipokea.

Tarehe 7 Julai akatekwa. Maiti yake ilipatikana tarehe 9, ikiwa na alama za mateso.

Kanisa lilikuwa linatafuta nini

Kabla ya kuingia kwenye ubishi, jambo moja la msingi, maana hapa ndipo wengi huteleza, Wakatoliki wenyewe wakiwemo. Kanisa halimfanyi mtu kuwa mtakatifu. Katika imani ya Kikatoliki kila aliye mbinguni ni mtakatifu, ajulikane asijulikane, ndiyo maana tarehe 1 Novemba husherehekewa Watakatifu Wote kwa mpigo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya *Lumen Gentium* ya mwaka 1964, ulitumia sura nzima kusema kwamba wito wa utakatifu ni wa kila mbatizwa: mkulima, mama wa nyumbani, karani. Anayemtakatifuza mtu ni Mungu. Kanisa linapotangaza, linasema hivi tu: kuhusu huyu tumechunguza, tuna hakika, mnaweza kumwiga na mnaweza kumwomba awaombee. Ibada ya kuabudu inabaki kwa Mungu peke yake. Mtakatifu huheshimiwa na huombwa maombezi, kama unavyomwomba shangazi yako akukumbuke kwenye rozari, ila huyu yuko mbali zaidi kwa macho na karibu zaidi na Mungu.

Kwa hiyo uchunguzi unauliza: tunajuaje? Na kuna njia zaidi ya moja ya kujua.

Njia inayotumika mara nyingi ni ya fadhila za kishujaa. Mtu ameishi imani, matumaini, mapendo na fadhila nyingine kwa kiwango kinachozidi cha kawaida, kwa muda mrefu, hata zilipomgharimu. Akithibitishwa hivyo anaitwa Mheshimiwa, lakini hapo anasimama mpaka upatikane muujiza mmoja uliotokea kwa maombezi yake. Ndipo awe Mwenyeheri. Ukipatikana mwingine, uliotokea baada ya hapo, ndipo awe Mtakatifu. Ndiyo njia aliyopita Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki 2006 na kutangazwa Mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025 baada ya miujiza miwili, mmoja wa Brazil na mwingine wa msichana wa Costa Rica aliyekuwa akisoma Italia. Ndiyo pia njia ya Mwalimu Nyerere, ambaye mchakato wake ulianzishwa na Jimbo la Musoma katikati ya miaka ya 2000 na ambaye hadi leo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Mtu akitaka kujua kwa nini unachukua muda, atazame kazi yenyewe: kupima fadhila za kiongozi aliyetawala zaidi ya miaka 20 ni kufungua maamuzi yake yote, yaliyofurahisha na yaliyouma, na kusoma kila alichoandika.

Njia ya pili ni ya ufiadini, ambayo ndiyo kongwe kuliko zote. Mfiadini hahitaji muujiza ili awe Mwenyeheri. Kifo chenyewe ndicho ushahidi. Lakini kwa sababu mlango huu una hatua chache, walinzi wake ni wakali, na wanauliza mambo matatu. Je, kweli aliuawa? Je, yeye alikipokea kifo kwa ajili ya imani? Je, waliomuua walimuua kwa chuki dhidi ya imani hiyo?

Kuna njia nyingine mpya, iliyowekwa na Papa Fransisko tarehe 11 Julai 2017: ya mtu aliyeyatoa maisha yake kwa hiari kwa ajili ya wengine, akafa mapema kwa sababu hiyo. Nitairudia, kwa sababu wapo walioona kwamba Floribert angefaa huko.

Utaratibu wenyewe nitaupita haraka. Sheria inayotumika ni ya Yohane Paulo II ya mwaka 1983: lazima ipite angalau miaka mitano tangu kifo, isipokuwa Papa aamue vingine, jimbo linaanza, linaapisha mashahidi na kukusanya maandishi, kisha kila kitu kinafungwa kwa lakiri na kupelekwa Roma. Uchunguzi wa jimbo la Goma ulifunguliwa mwaka 2016, miaka tisa baada ya mauaji. Roma hutengeneza kitabu kikubwa cha ushahidi kinachoitwa *Positio*, wanateolojia wanakipigia kura, makardinali na maaskofu wanakipigia kura, Papa anaamua. Kuna sharti moja la tangu enzi za Urbano VIII, karne ya 17, ambalo waamini wa kwetu hawalipendi: wakati wote huo hairuhusiwi kumfanyia marehemu ibada ya hadhara. Kusali faraghani kumwomba ni ruksa, hata inahitajika, la sivyo muujiza utatoka wapi? Lakini kumpa jumuiya awe somo wake, kumchora na duara la mwanga kichwani, kumtaja kwenye litania, hapana. Wakianza mapema wanaweza kuharibu shauri wanalolipenda.

Ubishi

Sasa mchele. Pingamizi linaweza kuwekwa kwa ukali hivi: tuseme kwenye dawati lile angekaa mtu asiye na dini, mwaminifu kwa kazi yake tu, akauzuia mzigo ule ule. Wale watu wangemwacha? Wasingemwacha. Wangemteka vile vile. Basi kilichomuua Floribert ni fedha iliyopotea, na imani yake ilikuwa habari isiyowahusu. Ongeza na hili: mashariki mwa Kongo ni nchi ya Wakristo wengi, na wauaji huenda walibatizwa kama yeye. Mtu ataichukiaje imani ambayo Jumapili anaiimba?

Mimi naliona pingamizi hili kuwa na nguvu, na sipendi jinsi linavyofutwa kwa sentensi moja kwenye mahubiri. Jibu lake lina historia ndefu.

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliliuliza katika karne ya 13: je, ni imani peke yake inayomfanya mtu kuwa mfiadini? Akajibu kwamba kila tendo la fadhila, likitendwa kwa ajili ya Mungu, ni ungamo la imani. Na mfano wake hauna ubishi: Yohane Mbatizaji. Kanisa linamheshimu kama mfiadini tangu mwanzo, na hakuna aliyemwambia amkane Mungu. Alikatwa kichwa kwa sababu alimwambia Herode kwamba si halali kuwa na mke wa ndugu yake. Ukisema Floribert aliuawa kwa sababu ya mchele, useme pia Yohane aliuawa kwa sababu ya ndoa ya watu.

Hilo linatatua upande wa aliyeuawa. Upande wa muuaji uliendelea kusumbua, na kisa kilicholazimisha mlango ufunguke ni cha Padri Maximilian Kolbe. Mwaka 1941, katika kambi ya Auschwitz, Wanazi walichagua wanaume kumi wafe kwa njaa kama adhabu kwa sababu mfungwa mmoja alitoroka. Mmoja wa waliochaguliwa alikuwa baba wa familia. Kolbe akajitokeza achukue nafasi yake, wakamkubalia. Je, walimuua kwa chuki dhidi ya imani? Walikuwa wanaadhibu utoro. Hata hawakumchagua wao. Paulo VI alipomtangaza Mwenyeheri mwaka 1971, hakumtangaza mfiadini. Yohane Paulo II, Mpolandi mwenzake, alipomtangaza Mtakatifu tarehe 10 Oktoba 1982, alimtangaza mfiadini, ingawa tume aliyoiteua haikuwa imeafiki hoja hiyo. Maana ya uamuzi wake ilikuwa kwamba mfumo wenyewe, unaomgeuza mtu kuwa namba, tayari unachukia kile ambacho imani inakitetea.

Ukishakubali hilo, mlango hauwezi kurudi ulivyokuwa. Askofu mkuu Oscar Romero wa El Salvador alipigwa risasi akiadhimisha Misa tarehe 24 Machi 1980, katika nchi ya Wakatoliki, kwa sababu alizitetea familia za waliouawa na kupotezwa. Kwa miaka mingi shauri lake lilikwama kwenye swali lile lile: je, hii haikuwa siasa? Mwaka 2015 akatangazwa mfiadini, na 2018 Mtakatifu. Padri Pino Puglisi wa Palermo aliuawa na mafia mwaka 1993 kwa kuwavuta vijana watoke mikononi mwao. Akatangazwa Mwenyeheri na mfiadini mwaka 2013, ingawa wanaume wa mafia wanajulikana kwa kubeba sanamu za watakatifu kwenye maandamano.

Aliye karibu zaidi na Floribert ni jaji Rosario Livatino wa Sicily. Mlei, mtumishi wa serikali, aliyekuwa akiamua kesi za wahalifu wa genge na kukataa kupindishwa. Walimuua barabarani akienda mahakamani Agrigento, tarehe 21 Septemba 1990, akiwa na miaka 37. Katika shauri lake ulipatikana ushahidi ambao ni adimu: wahalifu wenyewe walikuwa wakimdhihaki kama mtu wa kanisani, mwenye kujitia utakatifu, na waliona wazi kwamba ugumu wake unatoka huko. Hapo chuki yao ikaunganishwa na imani yake bila kuhitaji kubahatisha. Alitangazwa Mwenyeheri na mfiadini tarehe 9 Mei 2021.

Wakongo nao wana mfano wa nyumbani. Sista Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, kwa kumkatalia kanali aliyemtaka kimwili. Hakuulizwa maswali ya katekisimu. Alitetea nadhiri yake, na Kanisa likasema nadhiri ile ni imani. Yohane Paulo II alipomtangaza Mwenyeheri mjini Kinshasa mwaka 1985, alitamka pia msamaha kwa muuaji wake.

Nionavyo uamuzi

Papa Fransisko aliidhinisha hati ya ufiadini wa Floribert tarehe 25 Novemba 2024. Alikuwa ameshamtaja mapema. Tarehe 2 Februari 2023, kwenye uwanja wa Mashahidi mjini Kinshasa, akizungumza na vijana na makatekista, alisema kwamba kijana huyo angeweza kufumba macho, asingegundulika, na angepata faida. Lakini akiwa Mkristo alisali, akawafikiria wengine, akachagua uaminifu. Safari yenyewe awali ilipangwa ifike Goma; usalama haukuruhusu.

Je, Roma ilikuwa sahihi? Nadhani ndiyo, lakini kwa sababu tofauti kidogo na ile inayotajwa zaidi. Wengi husema: rushwa ni dhambi, aliikataa rushwa, kwa hiyo ni mfiadini. Kwa hoja hiyo kila mtumishi mwaminifu aliyebatizwa na kuuawa kazini angekuwa mfiadini, na neno lingepoteza maana. Kinacholifunga shauri hili ni ile simu. Kabla ya kutekwa, kabla ya mtu yeyote kujua litaishaje, Floribert alishaunganisha kwa mdomo wake mwenyewe mzigo ule na Kristo. Alijua hatari, akaipima, akaitaja sababu. Mtu asiye na dini wa pingamizi letu angeweza kufanya tendo lile lile, na Mungu anajua thamani yake. Lakini swali linalowahusu wachunguzi ni lile alilouliza Floribert, si lile ambalo jirani yake angeuliza.

Na upande wa wauaji? Hapa ushahidi ni wa mazingira zaidi kuliko wa maneno, tofauti na kwa Livatino. Waliomjaribu kwa fedha mara kwa mara na kushindwa walielewa kwamba hawapambani na mtu anayetaka dau lipande. Walikutana na kitu ndani yake kisichouzwa, wakakichukia kitu hicho. Kama walikijua kwa jina lake au hawakukijua, Herode naye hakuwa mwanateolojia. Mwanasheria wa jinai huenda asiridhike. Lakini hii si mahakama ya jinai. Hakuna anayepelekwa gerezani kwa hukumu yake, na kinachothibitishwa ni maana ya kifo.

Kwa nini basi asipitishwe kwenye ile njia ya 2017, ya kuyatoa maisha? Ingekuwa rahisi kwa wenye mashaka. Lakini njia ile inamfaa zaidi, kwa mfano, muuguzi anayebaki wodini wakati wa mlipuko wa ugonjwa akafa kwa kuwahudumia. Floribert hakufa kwa ajali ya wema wake. Kulikuwa na mtu aliyetaka afe, kwa sababu ya alichokikataa. Na kwa vitendo tofauti ni kubwa: njia ile inadai muujiza hata kwa hatua ya Mwenyeheri. Angeiingia hiyo, huenda hadi leo tungekuwa tunasubiri.

Kuna jambo moja linalonikera kidogo na sitalificha. Floribert alikuwa na jumuiya yenye makao Roma, inayojua milango ya kupiga hodi, yenye watu wa kuandika, kutafsiri na kusafiri. Mchakato una gharama: wasimamizi, wataalamu, uchapaji. Mwaka 2016 Fransisko alitoa kanuni za kudhibiti fedha za mashauri haya, pamoja na mfuko wa kusaidia mashauri ya wasio na uwezo, kwa sababu tatizo lilikuwa dhahiri. Wapo katekista na mama wa parokia za Kivu waliokufa kwa namna isiyopungua ya Floribert, na hakuna aliyeandika kumbukumbu zao. Hilo halimpunguzii yeye chochote, ila linaonyesha kwamba kalenda ya watakatifu ni orodha ya waliochunguzwa. Mbinguni wako wengi kuliko hao.

Kilichobaki

Tangu 2005, enzi za Benedikto XVI, kawaida ni Mwenyeheri atangazwe nyumbani kwake na mwakilishi wa Papa. Wafiadini wanne waliouawa Baraka na Fizi mwaka 1964, wamisionari watatu Waitalia wa shirika la Waksaveri pamoja na Padri Albert Joubert, walitangazwa Uvira mwezi Agosti 2024. Floribert naye alistahili Goma. Lakini mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji. Ibada ikafanyika Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta, ikiongozwa na Kardinali Marcello Semeraro, mkuu wa Baraza la Kipapa linaloshughulikia mashauri haya. Papa Leo XIV alimtaja siku hiyo hiyo kwenye sala ya Malaika wa Bwana, na kesho yake akakutana na mahujaji, mama mzazi wa Floribert akiwa miongoni mwao. Si kila mfiadini ana mama aliye hai wa kukaa mstari wa mbele.

Mwenyeheri bado si Mtakatifu. Heshima yake ya hadhara kwa sasa ni ya Goma na mahali pengine palipopewa kibali; Mtakatifu ni wa Kanisa zima duniani. Na kwa hatua iliyobaki hakuna msamaha wa ufiadini: unahitajika muujiza. Kongo inalijua hilo kwa uchungu. Anuarite amekuwa Mwenyeheri tangu 1985, Isidore Bakanja, aliyechapwa hadi kufa mwaka 1909 kwa kukataa kuvua skapulari, kile kitambaa kidogo cha ibada kinachovaliwa shingoni, tangu 1994, na nchi hiyo kubwa bado haijampata Mtakatifu wake wa kwanza. Mashahidi wa Uganda nao walitangazwa Wenyeheri mwaka 1920, na muujiza uliowafikisha kwenye utakatifu, mwaka 1964, ulikuwa wa masista wawili wamisionari waliopona tauni mwaka 1941. Bila watu waliozihifadhi habari za ugonjwa ule, Namugongo, mahali pa ufiadini wao, ingesubiri zaidi.

Kwa hiyo wanaomwomba Floribert wajue mambo ya vitendo. Uponyaji unaohesabika ni uliotokea baada ya 15 Juni 2025. Uwe wa haraka, kamili, wa kudumu, usioelezeka kitabibu. Aombwe yeye waziwazi, maana ukiomba watakatifu kumi kwa pamoja hakuna atakayejua ni nani aliyeitika. Uchunguzi hufunguliwa na jimbo ambako jambo limetokea: mtu akiponea Bukavu ni la Bukavu, akiponea Dar es Salaam ni la Dar es Salaam. Na vyeti vya hospitali, picha za eksirei na majibu ya maabara ya kabla na ya baada visitupwe, kwa sababu madaktari wa Roma wataanza na hivyo kabla ya kusikiliza ushuhuda wa mtu yeyote.